Kabla ya Waziri Kujiuzulu: Historia ya Macho ya Vikongwe wa Shinyanga

Kila mwaka, tunapofika kwenye mada ya uwajibikaji wa viongozi, wanafunzi wangu hunitajia mfano uleule. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya watuhumiwa waliofia mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga. Peter Siyovelwa, waziri wa nchi katika Ofisi ya Rais, alijiuzulu pamoja naye, na wakuu wa mikoa hiyo miwili nao wakaondoka. Hadithi hii wanaijua kama wanavyoijua tarehe ya Azimio la Arusha. Waziri hakumpiga mtu, hakutoa amri ya kumpiga mtu, lakini aliubeba mzigo. Akapelekwa kuwa balozi Misri, na baada ya miaka minane akaingia Ikulu. Ni hadithi nzuri, na mimi mwenyewe nimeifundisha kwa fahari.

Mwaka huu msichana mmoja aliyekaa safu ya nyuma aliinua mkono. "Mwalimu, hao watuhumiwa, walikuwa wanatuhumiwa kwa kosa gani?"

Darasa lilinyamaza. Nikamjibu kwa kifupi, kisha nikaahidi kuandika. Makala haya ni deni hilo.

Operesheni ya mwaka 1976 iliendeshwa ili kuzima wimbi la mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi katika Usukuma. Waliouawa walikuwa, kwa sehemu kubwa, wanawake wazee. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye amelichunguza jambo hili kuliko msomi yeyote ninayemfahamu, ameonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, na karibu theluthi mbili yao walikuwa wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Sababu za kweli zilikuwa nyingi: shamba la mjane, mirathi, mtoto aliyekufa ghafla, mke mwenza, ukame. Ushahidi uliotajwa, hata hivyo, aghalabu ulikuwa mmoja, nao ulikuwa usoni pa marehemu. Alikuwa na macho mekundu.

Historia yetu ya kisiasa imehifadhi majina ya mawaziri waliojiuzulu. Macho yenyewe haikuyachunguza. Nami nina sababu yangu ya kuyachunguza.

Nilikulia Maganzo, mji mdogo ulio nje ya uzio wa mgodi wa almasi wa Mwadui, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kishapu. Mtu asiyepafahamu aelewe kwamba uzio ule ndio uliotufundisha jiografia. Ndani yake kulikuwa na umeme, hospitali, shule, uwanja wa ndege na barabara zilizopandwa miti. Nje yake kulikuwa na sisi. Mgodi ulianzishwa na John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aliyegundua mwamba wa almasi pale mwaka 1940. Oktoba 1947 ilipatikana almasi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, naye akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake. Ilipokatwa ilibaki na karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Jiwe hilo tunalijua uzito wake kabla na baada ya kukatwa, tunalijua fundi wake, tunaijua nguo lilikopachikwa. Vikongwe waliouawa katika mkoa huohuo hatuna hata orodha kamili ya majina yao.

Bibi yangu mzaa baba aliishi nyumba ya tatu kutoka barabarani. Mwaka 1996, nikiwa nyumbani kwa likizo, alimwita fundi seremala kijana na kumwambia kuwa fremu ya mlango wake imepinda. Fundi akaleta timazi, akapima, akasema, "Shikamoo tena bibi, mlango umenyooka." Bibi akamwambia aangalie vizuri, kwa maana yeye anauona umepinda katikati kama mgongo wa ngamia. Tulicheka. Mimi, ambaye nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na kujiona msomi, nilisema mbele ya watu kuwa bibi ameanza kuzeeka akili. Maneno hayo yapo nami hadi leo.

Miezi michache baadaye akaacha kuwatambua watu. Mtu akimsalimu, akimsikia sauti, aliitika vizuri kabisa, "Mwadila," na kumtaja kwa jina la ukoo. Lakini mtu akipita kimya, hata awe mwanawe, bibi alimwacha apite kama kivuli. Palepale aliweza kuokota sindano iliyoanguka pembeni ya mkeka, na kumwona kuku aliyeingia ndani kwa mlango wa nyuma. Jambo hili ndilo lililowasumbua majirani. Kipofu wanamjua: huongozwa kwa fimbo na mtoto. Huyu hakuwa kipofu, aliona anachotaka kuona. Tena akizungumza nawe hakukutazama usoni. Aligeuza kichwa kidogo, akatazama juu ya bega lako, kama mtu anayemwona mwingine nyuma yako.

Mwaka uliofuata mtoto wa jirani alifariki kwa homa. Baba mdogo aliitwa kwenye kikao cha wazee wa mtaa. Alitetea kwa hoja aliyoiona kuwa ya mwisho: "Macho ya mama yangu ni meupe." Na ilikuwa kweli, macho yake yalikuwa safi kuliko ya wanawake wote wa rika lake. Mzee mmoja akajibu kwamba wenye macho meupe ndio wabaya zaidi, kwani wanajua kuyaficha. Usiku huo baba mdogo alimpandisha bibi kwenye gari la mizigo akampeleka Shinyanga mjini kwa shangazi. Hakurudi tena kuishi Maganzo.

Ndipo nilipoanza kuelewa kwamba palikuwa na magonjwa mawili, historia mbili, yaliyoishia kwenye hukumu moja. Nianze na lile linaloonekana.

Macho mekundu ya wazee wa Usukuma yana historia iliyoandikwa ardhini. Mnamo miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliifanya Shinyanga kuwa uwanja wa vita dhidi ya mbung'o. Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori kisha mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o, aliweka kambi yake pale, na kwa miaka mingi watu walikusanywa kupitia machifu wao kwenda kufyeka na kuchoma vichaka. Hoja ilikuwa kwamba mbung'o hawezi kuishi pasipo kivuli. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli, na ng'ombe waliongezeka. Kisha likaja zao la pamba, nalo likadai ardhi zaidi. Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji, watu wakasogezwa pamoja, na miti iliyobaki karibu na makazi mapya ikaisha. Kufikia miaka ya 1980 mkoa ulikuwa unaitwa jangwa la Tanzania, na mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, uliofufua utaratibu wa Wasukuma wa kuhifadhi malisho, yaani ngitili. Ule ulikuwa mradi mzuri, na sifa zake zimeandikwa kwingi.

Lakini mwanamke aliyepika kati ya mwaka 1940 na 1986 alipikia nini? Alipikia mabua ya pamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Aliyewahi kukaa katika jiko la namna hiyo, lisilo na dirisha, anajua moshi wake: ni mzito, unakaa chini, unachoma. Msichana alianza kuinama juu ya mafiga akiwa na miaka minane na kuendelea hadi mgongo ulipokataa kunyooka. Ongeza vumbi la nyanda zisizo na miti. Ongeza trakoma, ugonjwa unaoenezwa na nzi na mikono ya watoto, ambao ukirudiwarudiwa huikunja kope ya juu hadi nywele zake zikwaruze kioo cha jicho; huwapata zaidi wanawake, kwa sababu wao ndio wanaokaa na watoto. Matokeo ya hayo yote, kwa mwanamke wa miaka 65, ni macho mekundu yanayotoka machozi. Mkoloni alifyeka kichaka, Ujamaa ukakimaliza, na mwanamke akahukumiwa kwa moshi. Sisemi kwamba Swynnerton aliua vikongwe. Nasema kwamba alama iliyotumika kuwatambua ilitengenezwa na sera.

Ugonjwa wa pili hauna alama, nao ndio uliompata bibi.

Mwaka 1998 shangazi alimpeleka kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja. Aliyempokea alimmulika kwa tochi, akaona mboni safi isiyo na mtoto wa jicho, akaandika neno moja: uzee. Tulipata bahati miezi kadhaa baadaye, kwenye kambi ya matibabu ya macho, ambako daktari mgeni alimtia dawa ya kupanua mboni, akasubiri nusu saa, akatazama ndani kwa kifaa chenye lenzi na mwanga. Kifaa hicho si kipya: kilibuniwa na Hermann von Helmholtz mwaka 1851. Kabla ya hapo binadamu hakuwahi kuona sehemu ya ndani ya jicho la mtu aliye hai, na magonjwa yote ya nyuma ya jicho, Ulaya yote, yaliitwa kwa jina moja tu la upofu usioonekana chanzo. Katika vituo vingi vya afya vya kanda yetu, mwaka 1851 ulikuwa bado haujafika.

Daktari yule alitueleza kwa subira, na ninajaribu kurudia kwa maneno yangu, nikiongeza niliyojifunza baadaye.

Ndani ya jicho, nyuma kabisa, kumetandazwa utando mwembamba unaopokea mwanga, unaoitwa retina. Umekaa juu ya safu ya chembe zenye rangi nyeusi zinazoulisha na kuusafishia taka. Na chini ya safu hiyo kuna utando mwingine, kisha mishipa ya damu. Katikati ya retina kuna sehemu ndogo, upana wake takribani milimita tano, iitwayo makula. Kwa makula tunasoma, tunatunga uzi kwenye sindano, tunatambua nyuso. Sehemu nyingine zote za retina zinatupa picha ya pembeni tu: kwamba kuna kitu, kwamba kinasogea.

Kwa baadhi ya watu, umri unaposogea, taka hazisafishwi vizuri. Hujikusanya chini ya makula kama vidoa vya manjano vinavyoitwa druseni. Wengi huishi na vidoa hivyo hadi kufa bila kujua. Wengine hupoteza chembe za makula polepole, mwaka baada ya mwaka, na hiyo huitwa aina kavu. Kwa wachache hutokea jambo la haraka zaidi: mishipa mipya ya damu inaota kutoka chini, kama magugu yanayopenya sakafu ya nyumba. Kuta za mishipa hiyo ni dhaifu. Inavuja maji, mafuta na damu. Hiyo ndiyo aina ya majimaji.

Hapa ndipo retina inapobanduka. Aliyeishi katika nyumba ya tope anajua jinsi unyevu unavyoinua chokaa ukutani: kwanza linatokea lengelenge dogo, ukigonga linasikika tupu, lakini bado halijapasuka. Safu ya chembe zenye rangi inaweza kuinuka hivyo kwanza. Kisha maji yanapita juu yake na kuiinua retina yenyewe kutoka kwenye safu inayoilisha. Chembe zinazopokea mwanga zimehama mahali pake, kwa hiyo picha inapinda. Mlango ulionyooka unaonekana umevimba katikati. Bibi hakuwa amezeeka akili. Alikuwa anatoa taarifa sahihi kabisa ya kinachotokea ndani ya jicho lake, kwa usahihi ambao hakuna mtu Maganzo aliyekuwa na elimu ya kuupokea.

Daktari wa Uswisi, Marc Amsler, alitunga katika miaka ya 1940 kipimo cha jambo hilohilo: karatasi yenye miraba midogo na nukta katikati. Mgonjwa hufumba jicho moja, hukazia nukta, na kusema kama mistari imenyooka. Ni karatasi tu. Inaweza kuchorwa kwa rula na kalamu ya risasi katika zahanati yoyote ya Tanzania. Fremu ya mlango wa bibi ilikuwa karatasi ya Amsler, nasi tuliicheka.

Baada ya kupinda huja doa. Damu ikivuja ghafla, doa linaweza kutokea kati ya asubuhi na jioni. Maji yakikaa majuma na miezi, chembe zilizoinuliwa zinakufa, na mahali pa lengelenge panaota kovu. Mara chache damu huwa nyingi kiasi cha kuibandua sehemu kubwa ya retina, hata pembeni, na hapo giza huwa karibu kamili. Lakini kwa kawaida kovu linabaki katikati na pembeni panasalimika. Mgonjwa anamwona kuku mlangoni, haoni uso wa mwanawe. Ndiyo maana hujifunza, bila kufundishwa, kugeuza kichwa ili picha iangukie sehemu iliyo hai. Anakutazama juu ya bega ili apate kukuona wewe. Jicho la kushoto la bibi lilikuwa na kovu la zamani; la kulia lilikuwa njiani.

Lazima niseme jambo hapa kwa ajili ya wasomaji wa Geita na Nyarugusu, kwa sababu neno kubanduka kwa retina linachanganywa. Kuna kubanduka kwingine, kunakotokana na tundu. Retina inachanika, maji ya ndani ya jicho yanapenya kwenye tundu, na utando wote unaweza kuchomoka kwa siku chache. Chanzo chake kinaweza kuwa umri, macho yasiyoona mbali, au kipigo. Kijana anayeponda mawe ya dhahabu kwa nyundo bila miwani, kipande kikamrukia, anaweza kuona vimulimuli, vitu vyeusi vinavyoelea kama nzi, kisha pazia linaloshuka kutoka upande mmoja. Huyo asisubiri hata wiki. Hadi miaka ya 1920 wagonjwa wa aina hiyo walilazwa kitandani wakisubiri upofu, mpaka Jules Gonin wa Lausanne alipothibitisha kwamba tundu ndilo chanzo na kwamba likizibwa retina inaweza kurudi. (Amsler alikuwa mwanafunzi wake.) Upasuaji huo unafanyika nchini mwetu, katika hospitali chache kubwa. Kwa ugonjwa wa bibi haukuwa na kazi, kwani hapakuwa na tundu la kuziba.

Mwaka 1998 hapakuwa na dawa yenye maana. Nchi tajiri zilikuwa zinaichoma mishipa ile kwa mwanga wa leza, na kuacha kovu lingine. Mabadiliko yalikuja mwaka 2005 na 2006, zilipoanza kutumika sindano zinazozuia mishipa mipya kuota, zinazochomwa ndani ya jicho kila mwezi au kila baada ya miezi michache. Kuna kisa ndani yake ambacho wanaharakati wa afya wanapaswa kukijua. Dawa moja, bevasizumabu, ilikuwa ya saratani ya utumbo. Madaktari wakaigawanya katika dozi ndogo na kuiweka machoni. Ndugu yake, ranibizumabu, ilitengenezwa mahususi kwa macho na kuuzwa Marekani kwa takribani dola 2,000 kwa dozi, ilhali ile ya kugawanywa iligharimu takribani dola 50. Mwaka 2011 utafiti uliogharimiwa na serikali ya Marekani ulionyesha kuwa kwa uwezo wa kuona matokeo yake yanalingana. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaiingiza ile ya bei nafuu katika orodha yake ya dawa muhimu. Kwa hiyo kikwazo cha leo si kwamba dawa haijulikani. Kikwazo ni mtu wa kulitazama jicho mapema, kabla kovu halijaota, na nauli ya kurudi tena na tena kutoka kijiji cha Kishapu hadi Mwanza.

Watumishi wenzangu wa umma wataniambia kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu. Nimelisikia hilo mara nyingi. Ni kweli kwamba Ulaya ndiko unakoongoza kwa kupofusha wazee. Lakini utafiti uliofanywa Nakuru, Kenya, mwaka 2007 na 2008, kwa watu zaidi ya 4,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, uliwakuta takribani mmoja katika kila kumi na dalili za awali, na takribani mmoja katika kila mia na ugonjwa uliokomaa. Nakuru si Uswisi. Mpango wa kimataifa wa mwaka 1999 wa kutokomeza upofu unaozuilika uliweka mbele mtoto wa jicho, trakoma, usubi, upofu wa watoto na mahitaji ya miwani. Siulaumu, mtoto wa jicho ndiye mpofushaji mkuu wa wazee wetu, na dakika chache za upasuaji humrudishia mtu dunia. Ila ulituachia mazoea: jicho lisilo na mtoto wa jicho huandikiwa uzee na kurudishwa kijijini. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inatamka haki ya mzee kutibiwa. Haisemi nani atampanulia mboni.

Je, vikongwe wangapi kati ya wale 3,600 walikuwa na ugonjwa huu? Hakuna njia ya kujua, na mwanahistoria asiyekiri hilo asiaminiwe. Wengi walikuwa na macho mekundu tu, ya moshi. Wengine hawakuwa na tatizo lolote la macho, bali walikuwa na shamba. Edward Miguel, mwanauchumi wa Marekani aliyefanya utafiti Meatu wakati wilaya hiyo ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, alikuta kwamba mauaji ya wanaoitwa wachawi yaliongezeka maradufu katika miaka ya ukame au mafuriko, na kwamba waliouawa walikuwa karibu wote wanawake wazee wa kaya maskini. Njaa ilitafuta mdomo wa kupunguza. Jicho lilitoa kisingizio. Napenda utafiti huo kwa sababu unaturudisha kwenye ghala la mahindi, ambako siasa inaanzia. Hata hivyo kisingizio nacho kina uzito wake. Kikao cha wazee kilichomjadili bibi hakikutaja mahindi.

Na makula haikuishia kwa vikongwe. Watu wenye ualbino huzaliwa na makula isiyokomaa, na macho yao hutikisika yakitafuta mahali pa kutulia. Mauaji yao yalipoongezeka katika kanda yetu kuanzia mwaka 2007, watoto walikusanywa kwa usalama katika shule ya Buhangija, Shinyanga mjini, shule inayopokea watoto wasioona. Nilipoitembelea nilimwona msichana akisoma kitabu akikiweka karibu na pua, kichwa ameinamisha upande. Nilikaa kimya muda mrefu. Ulikuwa mkao wa bibi.

Sheria ya Uchawi tuliyoirithi ni ya mwaka 1928. Inamwadhibu anayejiita mchawi na anayemwita mwenzake mchawi, na kwa karibu karne moja imekuwa ikisubiri mashahidi ambao hawaji mahakamani. Operesheni ya mwaka 1976 ilikuwa jibu la polisi kwa swali ambalo sehemu yake ilikuwa ya jiko, sehemu ya kliniki, sehemu ya ardhi. Watu walikamatwa kwa mamia, wengine wakateswa, wengine wakafa, na mauaji ya vikongwe yakaendelea. Hilo nalo ni sehemu ya mfano wa uwajibikaji tunaoufundisha, ingawa kwenye mtihani hatuliulizi. Mwanafunzi wangu wa safu ya nyuma ameniambia anataka kuandika tasnifu yake juu ya mafaili ya operesheni hiyo. Nimemwonya kwamba atazungushwa ofisi nyingi. Amesema ameshazoea kukaa nyuma.

Bibi alifariki Shinyanga mjini mwaka 2004. Miaka yake ya mwisho alinitambua kwa namna ninavyokohoa. Nilimwomba radhi kwa maneno yale ya mwaka 1996. Akasema hayakumbuki, na sikuamini.

Nyumba ya Maganzo bado ipo, anaishi binamu yangu. Nilipita hapo mwezi Juni. Yule fundi seremala, siku ile, baada ya kubishana na timazi yake mbele ya mtu mzima wa umri wa bibi yake, aliona ni utovu wa adabu kuendelea. Akachonga kabari, akaigongomea ubavuni mwa fremu, akaendelea kugonga hadi bibi aliposema, "Hapo sawa." Kabari hiyo haijatolewa. Mlango haufungi vizuri, na wakati wa mvua binamu yangu huuegemeza kwa jiwe.